Pipa Linalotembea: Utetezi wa UrbanMech

Katika mchezo wa MechWarrior Online kuna roboti ambayo ikijitokeza tu uwanjani watu huanza kucheka. Jina lake ni UrbanMech. Ni fupi, nene, haina shingo, na sehemu yake ya juu ni ya mviringo, imekaa juu ya kiuno kama mfuniko juu ya ndoo. Wachezaji huiita pipa la taka linalotembea. Wanaoipenda humwita Urbie, kama mtu anavyomfupishia jina mdogo wake. Ukiichagua, mara nyingi utaulizwa na wenzako wa kikosi kama umekuja kupigana au umekuja kuchekesha.

Mimi ni miongoni mwa wanaokuja kupigana. Na ninapoitetea sitaki kuitetea kwa sababu inachekesha, maana utetezi wa namna hiyo nao ni dharau, ila umevaa tabasamu. Nataka kuitetea kwa hesabu na kwa historia. Hoja yangu ni moja: roboti hii inapimwa kwa kipimo cha uwanja usio wake.

Tuanze na alikozaliwa. Mwaka 1980 vijana wawili, Jordan Weisman na L. Ross Babcock III, walianzisha kampuni ya michezo ya mezani iliyoitwa FASA, makao yake Chicago. Mwaka 1984 walitoa mchezo wa vita vya maroboti uitwao Battledroids. Jina hilo halikudumu, kwa sababu neno "droid" lilikuwa na mwenyewe, kampuni iliyotengeneza filamu za Star Wars. Toleo la 1985 likaitwa BattleTech, na jina hilo lipo mpaka leo. Mchezo wenyewe ulichezwa kwa kete, kalamu na ubao uliochorwa vyumba vya pembe sita, kila chumba kikihesabiwa kuwa mita 30 za ardhi.

Mwaka 1986 FASA walichapisha kitabu cha orodha ya maroboti, kila moja na ukurasa wake: uzito, kasi, silaha, unene wa mabamba, na historia yake ya kubuni. Humo ndimo UrbanMech ilimokaa, tani 30, katika daraja la roboti nyepesi. Majirani zake wa daraja hilo wengi ni wakimbiaji. Locust, yenye tani 20, hukimbia karibu kilomita 130 kwa saa. UrbanMech hukimbia kilomita 32.4.

Namba hiyo ndiyo iliyoiharibia jina. Ili uone uzito wake, mlinganishe Urbie na Atlas, jitu la tani 100 lenye sura ya fuvu la kichwa, roboti nzito kuliko zote katika orodha ile. Atlas hukimbia kilomita 54 kwa saa. Yaani roboti nyepesi hupitwa mbio na roboti nzito kuliko zote. Katika mchezo wa mezani jambo hili si aibu tu, ni hatari, kwa sababu kanuni zinasema anayekwenda mbali katika zamu moja ni mgumu kulengwa. Locust inayokimbia vyumba 12 humwongezea adui ugumu wa pointi 4 kwenye kete. Urbie akikimbia kwa nguvu zake zote humwongezea pointi 1. Kwa hiyo wanaocheka hawacheki bure. Wamesoma namba, ila wameishia kwenye mstari wa kwanza.

Tuendelee kusoma. Mzinga wa UrbanMech ya kwanza, inayoitwa R60, ni wa daraja la 10, na una uzito wa tani 12. Tani 12 katika mwili wa tani 30 ni asilimia 40. Fikiria fundi anayejenga gari halafu karibu nusu ya gari analitoa liwe bunduki. Alizipata wapi tani hizo? Kwenye injini. Injini yake ya daraja la 60 ni ndogo na nyepesi mno, na uzito ambao wengine wameulipa kwa ajili ya mbio, yeye ameulipa kwa ajili ya mzinga unaofika mita 450. Roboti nyepesi zinazobeba silaha ya namna hiyo ni za kuhesabu.

Halafu deraya, yaani mabamba ya chuma yanayomlinda. Urbie ana tani 6. Jenner, roboti ya tani 35 inayoheshimiwa na kila mtu kwa kasi yake, katika toleo lake la D ina tani 4. Roboti inayochekwa imevaa chuma mara moja na nusu ya roboti inayosifiwa, na bado ni nyepesi kuliko hiyo.

Halafu joto. Katika ulimwengu wa BattleTech kila silaha inapofyatuliwa huzalisha joto, na roboti ikizidiwa na joto hupungua kasi, hukosa shabaha, au huzimika katikati ya vita. Marubani wengi hutumia nusu ya akili zao kulinda joto. Urbie akifyatua mzinga hupata pointi 3 za joto, leza yake ndogo humwongezea 1, na akiruka kwa jeti zake huhesabiwa 3. Jumla ni 7. Vipoza joto alivyonavyo ni 11. Anaweza kuruka na kufyatua kila kitu zamu baada ya zamu, mchana kutwa, bila kutoka jasho. Kinachomsimamisha ni risasi: tani yake moja ya risasi humpa mizinga 10 tu, basi.

Mwisho, bei. Mchezo wa mezani una kipimo cha kulinganisha vikosi ili pande mbili zipigane kwa haki, na kila roboti hupewa thamani yake ya kivita. R60 ina thamani ya 504. Atlas ya kawaida, AS7-D, ina 1,897. Kwa thamani ya Atlas moja unapata Urbie watatu na chenji inabaki. Watatu hao kwa pamoja wamevaa tani 18 za deraya, na Atlas imevaa 19. Tofauti ni kwamba Atlas ina mgongo mmoja wa kulinda na mahali pamoja pa kusimama, ilhali Urbie watatu wanaweza kusimama kwenye kona tatu za barabara.

Na neno barabara ndilo tunalolitafuta. Jina la roboti hii lilikwisha kusema kila kitu: ni roboti ya mjini. Wabunifu wake waliiandikia kazi moja, kulinda mji, na kanuni zao za mchezo zinaiunga mkono. Mjini huwezi kuona mbali, kwa hiyo mizinga ya masafa marefu inakosa kazi. Mjini kuna lami, na kanuni zinasema roboti inayokimbia juu ya lami ikikata kona lazima rubani arushe kete, akishindwa ateleze na kugonga alichokuta mbele. Kasi ya Locust, iliyokuwa ngao kwenye uwanda, mjini inakuwa mtihani kila baada ya kona. Urbie hana haraka. Anajibanza nyuma ya jengo, anaruka mita 60 kwa jeti zake hadi jengo la pili, anasubiri. Adui akitokea kwenye kona, umbali baina yao ni mita 90 au 120, na mzinga wa daraja la 10 kwa umbali huo hauna mzaha.

Miaka minane baada ya kitabu kile, dunia halisi ilitoa somo linalofanana na hilo, kwa damu ya watu wa kweli. Tarehe 31 Desemba 1994 majeshi ya Urusi yaliingiza safu za vifaru katikati ya mji wa Grozny, Chechnya. Vile vilikuwa vifaru vilivyobuniwa kwa vita vya nyika za Ulaya, kifaru kwa kifaru, masafa marefu, mwendo wa kasi. Wapiganaji wa Chechnya walikaa kwenye vyumba vya chini ya ardhi na kwenye ghorofa za juu. Walipiga gari la mbele na gari la nyuma, na safu nzima ikakwama kati ya majengo. Mizinga ya vifaru haikuweza kuinuka kiasi cha kufika ghorofa za juu, wala kuinama kiasi cha kufika madirisha ya chini. Brigedi ya 131, iliyofika hadi kituo cha reli, ilipoteza sehemu kubwa ya magari yake na ya watu wake.

Kilichosaidia baadaye kuziba pengo hilo si kifaru kikubwa zaidi. Warusi waliingiza mjini magari ya kutungulia ndege, kama ZSU-23-4, lenye mizinga minne midogo na deraya nyembamba. Kwenye karatasi gari hilo si mshindani wa kifaru hata kidogo. Lakini mizinga yake iliundwa kutazama angani, kwa hiyo iliweza kufika ghorofa ya tano. Sisemi kwamba watengenezaji wa mchezo wa Chicago waliiona Grozny kabla haijatokea, wala silinganishi vifo vya watu na kete za mezani. Nasema kwamba swali ni lile lile: chombo hiki kimejengwa kwa ajili ya wapi? Anayepuuza swali hilo hupima kila kitu kwa kasi na unene, na mtaani anashangaa kwa nini kikubwa kimekwama.

Sisi tunaoishi miji yenye msongamano tunalijua jambo hili bila vita. Hakuna anayebishana kwamba lori ni kubwa kuliko bajaji. Lakini saa kumi na moja jioni, ukiwa Kariakoo na unataka kufika Ilala, huulizi nani mkubwa.

Turudi kwenye mchezo, maana safari ya Urbie kutoka mezani hadi mtandaoni ilikuwa ndefu. Mwaka 1989 ulitoka mchezo wa kwanza wa kompyuta wa MechWarrior. Mwaka 1990 ulifunguliwa Chicago ukumbi ambamo watu waliingia kwenye vibanda vilivyofanana na chumba cha rubani na kupigana wao kwa wao kupitia mashine zilizounganishwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, kabla wengi wetu hatujasikia neno intaneti, mtandao wa kulipia wa GEnie wa Marekani ulikuwa na mchezo wa BattleTech wa watu wengi kwa pamoja. MechWarrior 2 ikatoka mwaka 1995 na kupata umaarufu mkubwa. Mwaka 1999 Microsoft ilinunua tawi la michezo ya kompyuta lililotokana na FASA, na mwaka 2001 FASA yenyewe ikafunga shughuli zake. Michezo ya kompyuta ya MechWarrior nayo ikaingia ukimya mrefu.

Ukimya huo ulivunjwa na kampuni ya Piranha Games ya Vancouver, Kanada. Septemba 2013 walizindua MechWarrior Online, wachezaji 12 dhidi ya 12, bure kuingia. Roboti ziliongezwa moja baada ya nyingine, na mashabiki hawakuacha kumdai Urbie. Wengi walimdai kwa utani. Mwaka 2015 aliingizwa, na utani ukakutana na kitu ambacho mchezo wa mezani haukuweza kukionyesha vizuri.

Kitu hicho ni kiuno. Katika MechWarrior Online kila roboti ina miguu inayokwenda upande mmoja na kiwiliwili kinachoweza kugeukia upande mwingine, lakini kwa kikomo. Ukifika mwisho wa kikomo lazima ugeuze miguu, na wakati unageuza miguu adui anakumaliza. Kiwiliwili cha Urbie huzunguka duara zima, nyuzi 360, bila kusimama. Anaweza kukimbia mbele huku mzinga unatazama nyuma. Anayemfukuza anadhani amempata, kumbe anakimbilia mdomo wa mzinga. Katika vichochoro, ambako hatari hutoka kila upande, sijaona roboti nyepesi yenye faida kubwa kama hiyo.

Ya pili ni ufupi wake. Kontena lisiloweza kumficha mtu mwingine linamfunika yeye mpaka utosini. Ya tatu ni kwamba mchezo huu unamruhusu mchezaji kubadilisha injini. Kasi huhesabiwa kwa kugawanya daraja la injini kwa uzito wa roboti na kuzidisha kwa 16.2. Mwekee Urbie injini ya 180 na anafika takriban kilomita 97 kwa saa, huku kiuno chake kikiwa kile kile. Ya nne ni uzito wenyewe. Katika vita vya makundi, ambako kila mchezaji hupewa kikomo cha jumla ya tani kwa roboti zake zote, tani 30 za Urbie zinaacha nafasi ya kuchukua kitu kizito baadaye. Na toleo la R60L limebeba mzinga wa daraja la 20. Hilo ni silaha ambayo hata Atlas huiogopa ikiwa karibu.

Kwangu kuna faida ya tano ambayo sijaiona kwenye mwongozo wowote. Mimi huchezea Dar es Salaam, kompyuta ikiwa imeunganishwa na simu, kwa bando. Kati yangu na seva kuna bahari na mabara, na taarifa huchukua milisekunde 200 na zaidi kwenda na kurudi. Milisekunde 200 ni sehemu ya tano ya sekunde. Roboti inayokimbia kilomita 130 kwa saa, katika muda huo imeshasogea zaidi ya mita 7. Ndiyo maana kila nilipochukua roboti ya mbio nilikuwa nikigonga kona ambazo kwenye kioo changu nilikwishazipita, na kupigwa nikiwa nyuma ya ukuta ambao seva ilikuwa haijakubali kuwa nimeufikia. Urbie mwenye injini yake ya asili, katika muda ule ule, anasogea chini ya mita 2. Tofauti kati ya ninachokiona mimi na anachokiona adui inakuwa ndogo kiasi cha kuvumilika. Mwongozo ulioandikwa na mtu anayeishi jirani na seva utakwambia kasi ndiyo uhai. Kwake ni kweli.

Udhaifu upo, na mtetezi anayeuficha hamsaidii mteja wake. Kwenye ramani pana za theluji kama Alpine Peaks na Polar Highlands, Urbie ni mzigo kwa kikosi. Wenzake wakihama upande mmoja wa uwanja kwenda mwingine, yeye hufika vita vimekwisha, au hufumaniwa njiani peke yake. Katika mapambano ya kuteka vituo vilivyotawanyika hawezi kushindana na wakimbiaji. Mzinga wake mkuu ni mmoja, na upande wa mwili unaoubeba ukikatwa anabaki na leza ndogo ambayo, kwa hesabu za mezani, hufika mita 90. Na injini kubwa niliyoitaja si ya bure, kila tani inayoingia kwenye injini imetoka kwenye deraya au kwenye risasi.

Sasa, mchezo huu una utaratibu mmoja unaoeleza kwa nini sifa ya Urbie ni mbaya kuliko alivyo. Katika michezo ya kawaida unachagua roboti kwanza. Ramani huchaguliwa baadaye, kwa kura ya wachezaji wote walioingia. Kwa hiyo orodha za ubora ambazo mashabiki hutunga na kusambaza, hii daraja la kwanza, hii la mwisho, kwa lazima hupendelea roboti inayofaa kiasi mahali pote, na kuishusha ile inayofaa sana mahali pamoja. Orodha hizo si za uongo. Zinajibu swali la mtu asiyejua atapigania wapi. Tatizo linaanza pale jibu la swali hilo linapochukuliwa kuwa thamani ya roboti yenyewe, na mtu aliyekwisha kufika mjini anaendelea kuiacha roboti ya mjini gereji kwa sababu orodha imesema.

Waswahili walisema mdharau mwiba mguu huota tende. Nimeona Atlas wawili, tani 200 kwa jumla, wakisita kuingia kwenye kichochoro kwa sababu mmoja wao alishaonja mzinga kutoka humo na hakuona ulikotoka. Aliyekuwa ndani alikuwa Urbie mmoja. Hakuwaua. Aliwachelewesha dakika nzima, na katika dakika hiyo wenzetu kumi na moja walikuwa na maroboti mawili machache ya kupigana nayo upande wa pili. Ubao wa matokeo hauna safu ya kuhesabu kazi ya namna hiyo. Mwisho wa mchezo jina lake lilikuwa karibu na mkia, na tulikuwa tumeshinda.

Ukitaka kumjaribu, mwachie deraya yake, mwongezee risasi, na usiende na kundi la wakimbiaji. Kura ya ramani ikifunguliwa na ukaona River City kati ya chaguo, ipigie hiyo. Kisha tafuta kona yenye njia mbili za kutokea, igeuze miguu kuelekea njia ya kukimbilia, na kiwiliwili ukielekeze kwa wageni.